Muziki wa Wageni

Singida nzima, kuanzia Utemini mpaka Misigiri, hapakuwa na mtu mwenye bendi ya watu arobaini isipokuwa Abdulhamidi. Bendi yake haikula, haikulala wala haikudai posho. Ilikaa ndani ya kompyuta, juu ya meza ya sebuleni kwa shemeji yake Mwanvua, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na kwa wiki tatu hakusema jingine.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa yakiuza sabuni kwa foleni sasa yaliuza redio za kila rangi, na Abdulhamidi, muuza mafuta ya alizeti, alikwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta. Dukani huko walimwonyesha mchezo wa ndege za vita. Kabla ndege hazijaruka zililia tarumbeta, zikafuata ngoma, vikafuata vinanda, hata Abdulhamidi akajikuta amesimama wima kama yuko mbele ya bendera. Alinunua papo hapo, mashine pamoja na disketi ya mchezo.

Muuzaji alimweleza kwamba ile ya dukani imewekewa kadi ya sauti, na kadi hiyo huuzwa peke yake. Abdulhamidi akamcheka. Akajua ameonekana mtu wa bara.

"Nani hununua jogoo," akamwuliza, "halafu akanunua na sauti ya kuwika?"

Alilipenda jibu lake. Alilirudia Dodoma, akalirudia Manyoni, na alipofika sokoni Singida akalifanya salamu.

Je, hakuujaribu muziki wenyewe nyumbani? Hilo ni swali la mtu asiyeijua nyumba ile. Mwanvua alikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo, tangu enzi za marehemu mumewe Abdillahi, hakuna mwenyeji aliyevinywea hata maji. Kitu cha wageni hakiguswi na wenyeji. Abdulhamidi, mdogo wake marehemu, alilelewa kwa sheria hiyo. Aliiwasha kompyuta mara moja, akaona maandishi meupe kwenye weusi, akaridhika, akaizima. Muziki ungengoja wageni.

Na wageni walikuwa njiani. Hanifa, binti wa marehemu, alikuwa ameletewa posa na watu wa Misigiri, na Jumamosi washenga wangekuja kusikiliza jibu. Kiongozi wao, Mzee Selemani, mfugaji wa kuku mwenye macho makali, aliwahi kuivunja posa moja kwa sababu tu wenyeji walibishana mbele yake.

"Shemeji, nyumba isiyo na baba hupimwa kwa vitu vidogo," Mwanvua alimsihi. "Wape wazee chai, waseme yao, uwaage."

Abdulhamidi alimjibu kwamba chai hata hospitali wanatoa.

Basi washenga wakaja, wakaamkiwa, wakaketi, wakanywea vikombe vya dhahabu. Abdulhamidi, ndani ya suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikakata, alikifunua kitambaa taratibu kama anayefunua uso wa bibi harusi. Akawapa habari za bendi. Akawapa na ile ya jogoo. Kisha akatia disketi, akakunja mikono kifuani.

Mashine ikatafuta kadi ya sauti, haikuiona. Ikabaki na kispika chake cha ndani, kidogo kama kizibo cha soda.

"Pii," ikasema bendi ya watu arobaini. "Pii, pii, pii-pii-pii."

Mzee Selemani aliinamisha sikio. "Mna kifaranga humo ndani," akasema kwa upole. "Mtoeni, anakosa hewa."

Hakuwa peke yake aliyedhani hivyo. Uani kulikuwa na kuku mwekundu wa Mwanvua, ambaye wiki ile mwewe alimnyang'anya vifaranga watatu, naye alikuwa ameapa hatapoteza wa nne. Aliingia sebuleni mbawa wazi, na wanane waliosalia nyuma yake kama askari wa akiba. Akalisikiliza lile sanduku. Akamtazama mtu aliyesimama karibu nalo. Akatoa hukumu.

Abdulhamidi alidonolewa kifundo cha kushoto, kisha cha kulia, ili haki itendeke. Alitaka kuzima, lakini kuku alikuwa amesimama mbele ya swichi. Akapanda juu ya kiti, akanyoosha mkono na kubonyeza kila kitufe alichokifikia. Ndege ya vita ikalipuka, na muziki ukazidi kasi. Kifaranga mmoja akajificha kwenye mkunjo wa kanzu ya Mzee Selemani. Kikombe cha dhahabu kikaanguka, cha kwanza tangu marehemu afariki.

Kutoka juu ya kiti aliliona pazia la ndani likitikisika. Alijua shemeji yake yuko nyuma ya pazia hilo, na alijua anachokitazama: jina la marehemu kaka yake likidonolewa mbele ya wakwe.

Pazia likafunguka. Akatoka Hanifa, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe. Amejitanda kanga, mkononi ana tenga. Akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, asimruke hata mmoja. Akamfunika kuku kwa tenga. Akachomoa waya ukutani. Akamwomba radhi Mzee Selemani, akamtoa kifaranga kwenye kanzu, akaokota vipande vya kikombe na kurudi ndani bila kugeuka nyuma.

Abdulhamidi alikuwa bado juu ya kiti.

"Tulitaka kujua kama binti ataweza kushika nyumba," akasema Mzee Selemani. "Tumejibiwa. Sasa shuka, bwana, tupange siku. Shingo zinatuuma."

Siku ya harusi watu wa Misigiri walileta kila walichoahidi, na juu yake jogoo mmoja, miguu imefungwa kwa utepe, zawadi kwa baba mdogo wa bibi harusi. Aliyemkabidhi alitangaza mbele ya umati kwamba Mzee Selemani anamsalimu Abdulhamidi sana, na kwamba huyu wamemjaribu kwanza nyumbani.

Jogoo akawika palepale, bila kadi.