Nukta Moja ya Kuita Zamu

Jumatatu, 6 Septemba 2004
Maalim Nyange katangaza: Ijumaa atachagua mmoja wetu aende Unguja, mafunzo ya kompyuta. Sharti awe na programu aliyoitunga mwenyewe. Lazima niwe mimi! Mama kishawaambia majirani kuwa ni mimi. Programu sina. Zamu pia sipati. Chumba kina kompyuta mbili: moja hufanya kazi, ya pili hufanya kazi ikipenda. Darasa zima tunasukumana mlangoni. Na kwa kuwa uchaguzi ni mwakani, hata foleni ina vyama. Kila upande unadai ule mwingine unapendelewa. Mie mwenye haya nasukumwa na pande zote mbili.

Jumanne, 7 Septemba
Nimepata hila! Kwenye CD ya Maalim kuna lugha iitwayo Forth. Ya bure, haichagui mashine. Hata kile kikongwe cha pili kimeikubali. Namba unazoipa huzilundika kama sahani, ya mwisho juu. Ukiandika nukta, inakutolea ya juu. Basi. Nikamwendea Maalim, jasho, macho chini, Kiingereza kimenitoroka na Kiswahili kinafunga virago. Nikamwambia kila mtu aandike namba yake ya darasani kwenye kikongwe, mashine iite zamu. Mashine haina chama. Akaniita mtaalamu, Rumaitha wa darasani kwetu akisikia! Sikumwambia kuwa programu yangu yote ni nukta. Wala kwamba nitaingia wa mwisho.

Jumatano, 8 Septemba
Nimeingia wa mwisho, nimeitwa wa kwanza. Raha ilinizidi, kipindi kikaisha nimeandika jina langu tu. Rumaitha, aliyewahi kuliko wote, hakuitwa kabisa. Akanisimamia mbele ya watu: weye Suhail, mashine yako imesoma wapi, mwenye kuwahi ndo anakosa? Nikaona haya. Na mimi nikiona haya husema kweli. Nikaeleza yote, mpaka sahani. Hata sahibu yangu Ahmada, ambaye hajapata kuelewa hesabu yoyote, alielewa.

Alhamisi, 9 Septemba
Balaa! Hakuna anayetaka kuingia. Kila mtu anataka kuwa wa mwisho, na hakuna anayethubutu kusema. Basi ikawa adabu tupu mlangoni. Tangulia, yakhe. Hasha, wewe mkubwa wangu. Ahmada kanishika bega, ati niingie, mimi mgeni wao. Mgeni! Kwetu ni nyumba ya tatu kutoka skuli! Nikamjibu siwezi kumtangulia mtu aliyenizidi miezi miwili. Vyama vyote viwili vikapishana kwa heshima ambayo hakuna kampeni iliyopata kuiona. Maalim alipotukuta, machozi yalimlenga. Akasema hii ndiyo Pemba aliyolelewa. Akaandika nukta aite zamu. Mashine ikalalamika kuwa haina kitu. Hapo Rumaitha akasema yeye basi hana adabu, akatupita, akaandika namba yake peke yake. Akaitwa. Akakaa kipindi kizima. Sisi tukaendelea kukaribishana.

Ijumaa, 10 Septemba
Rumaitha ndiye anayekwenda. Programu yake, kwa Forth ile ile: ya kuita zamu, aliyewahi ndiye wa kwanza. Maalim akataka kuiona yangu. Nikaandika nukta. Mashine ikasema haina kitu, na safari hii darasa zima lilikubaliana nayo, bila kujali chama. Nimerudi nyumbani kwa njia ya mashambani nisikutane na majirani.

Lakini! Maalim anataka mtu wa akiba, endapo wazee wa Rumaitha watamzuia. Kesho asubuhi tunajiandikisha kwenye programu ya Rumaitha. Wa kwanza ndiye. Nimeliona kosa langu: kuchelewa. Kesho nikitoka kusali alfajiri, moja kwa moja mlangoni, kabla ya mtu yeyote. Wakianza kuja, nitawaomba wawili watatu watangulie, ili nisishukiwe.