Taa Niliyoificha Ziwani

Jumatatu, 5 Februari 2024
Papa Déogratias, baba yake Lydie, amenipa mtumbwi wake wiki hii. Nikiurudisha mzima Jumamosi, wazee wangu wataruhusiwa kuja kuposa. Masharti ya usiku: taa nyuma, jile ya kuelea mwilini, filimbi shingoni. Nimesema ndiyo, Papa, mara tatu. Lakini taa! Nina mahali pangu pa siri pa kuvua mikebuka, na Valère, mvuvi mwenzangu, ananinyatia tangu Krismasi. Nimeizima kabla ya kuipita bandari. Jile nimeikalia, ubao unaumiza.

Jumanne, 6
Boti ya mizigo kutoka Moba nusura inipande kichwani. Haikuniona! Filimbi ilikuwa mfukoni, chini ya mihogo. Nikaimba wimbo wa Misa kwa sauti yote. Nahodha akauliza kama mimi ni mamba au Mkristo. Mkebuka mmoja tu, tena mdogo.

Jumatano, 7
Mtu mwenye akili hubadilika. Nimewasha taa. Nikasahau kitu ambacho kila mtoto wa Kalemie anakijua: usiku wa giza ndagala, dagaa wa ziwa letu, hufuata taa, na wavuvi hufuata ndagala. Mara maji yakachemka chini yangu. Ekipe tatu za wavuvi zikaja mbio, moja ikanizungushia wavu, mimi na mtumbwi. Valère, aliyekuwa kwenye ekipe hiyo, akatangaza kwamba wamepata samaki mkubwa ila mvivu. Ziwa zima likacheka. Siri yangu sasa inajulikana hadi Kigoma.

Alhamisi, 8
Ugunduzi: ndoo! Nitaifunika taa kwa ndoo yenye tundu upande mmoja. Maji hayatapata mwanga, ndagala hawatakuja, na mimi nitaonekana. Akili ni mali.

Ijumaa, 9
Nimeonekana. Tundu lilielekea usoni kwangu. Watu wa ufukweni waliona kichwa kitupu kinaelea, kinatafuna muhogo. Mama Bertille, mama yake Lydie, akaita kikundi cha sala. Wakaniamuru nitoke kwa jina la Yesu, kisha mawe yakafuata. Nikainama, mtumbwi ukapinduka, ukapasukia mwambani. Jile ilielea vizuri sana, bila mimi. Aliyenivuta ni Valère. Aibu gani hii!

Jumamosi, 10
Nimerudisha mtumbwi, vipande viwili. Papa Déogratias hakupiga kelele, na hilo limeniuma zaidi. Alisema tu, "Binti yangu sitamupa muntu mwenye anajificha hata kwa wale wenye wanataka kumuokoa." Lydie alilia, jana alikwisha kunihesabu maiti. Moyo umeniuma kweli. Nikamwapia mbele ya baba yake: kuanzia leo taa yangu itawaka kila usiku. Papa akalainika. Amenipa mwezi mmoja niutengeneze mtumbwi, ndipo tuzungumze.

Na itawaka, mimi si mwongo. Ila sikuapa itawaka kwenye mtumbwi gani. Valère hulala mapema Jumapili, na kamba ya kuifungia taa kwenye mtumbwi wake ninayo.