Kitanda cha Baba, Miguu Juu

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Mgongo umegoma. Miaka kumi na tisa nalima hapa Bisibo, kwa jembe, kisha kwa ng'ombe, bila urithi wa mtu. Matokeo? Navaa suruali nikiwa nimelala! Zimebaki wiki mbili mvua zianze. Jirani Ildefonce ametaka kunikanda kwa samli. Nimekataa. Mara ya mwisho mbwa wake walinifuata hadi mnadani. Nimeona kwenye simu meza ya kuning'inia kichwa chini: unafungwa miguu, uti unanyooka. Chuma ninacho. Kitanda cha marehemu baba, kitu pekee alichoniachia.

Jumanne, 10 Septemba
Nimekata, nimechomelea, nimefunga bawaba. Dada Limi amekuja, akashika kichwa. Kasema kitanda cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe, na bado siku sita. Baba akirudi kuaga atalala wapi? Nikamjibu baba hakuwahi kurudi kwa wakati hata alipokuwa hai.
Saa nane mchana: digrii 30, dakika mbili. Mgongo ko! ko! Nimeshuka nikainama nikafunga kamba za viatu. Viatu vyote viwili!

Alhamisi, 12 Septemba
Digrii 60, dakika nne. Jambo dogo tu. Ukiwa kichwa chini, dari inakuwa sakafu. Pale darini, juu ya mlango, palikuwa na miguu miwili imesimama. Peku. Udongo mwekundu, mbichi. Wa kushoto hauna kidole kidogo. Jembe lilimkata baba kidole hicho mwaka 1988, nilikuwepo. Niliposhuka, hakuna kitu.
Nimepima. Kutoka mlangoni hadi mezani ni hatua saba.

Ijumaa, 13 Septemba
Zahanati. Presha 172 kwa 108. Tabibu Bernadetha kasema kuning'inia kunaweza kutuliza mgongo kwa muda, lakini hakutibu. Mwenye presha ya damu au ya macho asijaribu kabisa: damu inajaa kichwani, mshipa unaweza kupasuka. Akauliza kama naona vitu. Nikasema sioni. Miguu si vitu.
Nje Ildefonce akaniuliza mbele ya watu, popo wenzangu hawajambo? Wakacheka. Kwa hasira nimekwenda kuning'inia dakika sita.
Hatua tano. Vidole vinanielekea.

Jumamosi, 14 Septemba
Hatua tatu. Nimemwamkia shikamoo. Kimya! Kufa si ruhusa ya kutoitikia salamu. Nimeshuka nikakuta udongo mwekundu kwenye mto wangu.
Limi amelia. Kasema mumewe ana mashine ya kuchomelea, saa moja tu kitanda kitasimama kama zamani, baba apumzike na mimi nisife. Nimekataa. Nife vipi, na mgongo huu? Leo nimebeba ndoo mbili, kila mkono moja, kutoka kisimani. Yeye amebeba moja!

Jumapili, 15 Septemba
Hatua moja. Vidole sivioni vizuri, viko karibu mno na uso wangu. Vinanuka mvua. Jicho la kushoto lina ukungu.
Nimepiga hesabu. Saba, tano, tatu, moja. Kila siku anapunguza mbili. Kesho basi ni hasi moja. Maana yake atakuwa ameshanipita, anakwenda zake! Wasiosoma hesabu ndio wanaoogopa.

Jumatatu, 16 Septemba
Hesabu sahihi! Digrii 60, dakika nane, dari tupu. Nimeshuka mwepesi. Nimepita uani kwenye watu wa matanga nikiwa wima kama mlingoti. Nyuma yangu nyayo nyekundu za miguu peku, na viatu vyangu nimevaa. Kidole kidogo cha kushoto hakina hisia. Haidhuru.
Limi, anayenizidi miaka sita, ameniona akadondosha kikombe. Akapiga magoti. Shikamoo baba, kasema. Kabla sijamkosoa nikasikia nimeitika marahaba, kwa sauti nzito. Mbwa wa Ildefonce wamekimbia.
Heshima, hatimaye! Kesho digrii 90, dakika kumi.