Meza ya Kifaransa ya Miguu Minne

Stambuli wa Guildford hakuwa mwizi, na aliyemwita mwizi alimkosea adabu. Mwizi huchukua kitu chako hali huna habari. Stambuli alikuacha umpe mwenyewe, kwa mikono miwili, na ahsante juu yake.

Ilikuwa wiki ya klinapu, ile ambayo watu hutoa makorokoro yao kando ya barabara yakangoja lori la kaunsili. Stambuli alikuwa anakwenda kwa miguu, jambo lililomuuma, maana gari lake lilikuwa limekata roho. Tangu hapo mkewe Alya, ambaye biriani yake huagizwa kwenye harusi zote za Waswahili wa Sydney magharibi, alikuwa akipanda treni na sufuria mapajani, abiria wakimeza mate kutoka Guildford hadi Bankstown. Alya hakugomba. Alisema neno moja tu: "Nami nilidhani nimeolewa na mjanja." Neno hilo lilimkaa Stambuli kifuani kama ugali wa jana. Alitaka gari, tena upesi, na alitaka Alya alione akiwa amesimama mlangoni.

Ndipo alipoiona meza. Ilikuwa imeegemezwa kwenye godoro lililochoka na dunia. Uso wake ulikuwa wa marumaru ya kijivu, na miguu imepinda kama ya mtu anayejiandaa kucheza chakacha, imenakshiwa maua na kombe, rangi ya dhahabu imebabuka hapa na pale. Ila yake ilikuwa moja: ilikuwa na miguu miwili tu, yote ya mbele. Nyuma hakukuwa na kitu isipokuwa matundu mawili.

"Maskini," Stambuli aliiambia. "Nani kakukata?"

Akaipiga picha. Simu ikamjibu kuwa hiyo ni konsoli ya Kifaransa, ya kale, ya thamani. Stambuli akacheka. Siku hizi hata simu zimekuwa madalali! Hata hivyo alisoma aya ya kwanza, maana uongo mzuri hutaka matayarisho: kwamba konsoli ni meza nyembamba ya kukaa mlangoni au ukumbini, juu yake kioo, mbele ya kioo taa na ua; kwamba mgeni huiona kabla hajamwona mwenye nyumba, na hapo hapo huamua avue viatu kwa heshima au kwa mazoea.

Alipofika hapo akamkumbuka Mama Chibalonza wa Cabramatta. Jumamosi ya wiki ile binti yake, Ornella, angeposwa na watu wa Brisbane, watu wenye makuu, na Mama Chibalonza alikwisha kutangaza kanisani kwamba anatafuta kitu cha kuweka mlangoni, kiwazibe midomo wakwe kabla hawajaifungua. Na uani kwake, Stambuli alikumbuka vizuri sana, lilikaa gari jeupe la mizigo ambalo hakuna aliyekuwa akiliendesha.

Kazi ikaanza. Miguu ya nyuma ilipatikana kwenye lundo lile lile: magongo mawili ya kriketi. Stambuli aliyakata, akayagandisha kwa gundi, akayapulizia rangi ya dhahabu, na yale matundu akayaziba kwa lipu. Hapa tuiname kidogo kumkumbuka fundi wa Kifaransa aliyeichonga meza ile. Alipo, na asijue.

Jumamosi asubuhi jirani alimbebea mzigo kwa pikapu yake, akamshusha Cabramatta, akaenda zake. Stambuli akaisimamisha meza mlangoni pa Mama Chibalonza, akarudi nyuma na mkono kifuani.

"Mama, hii ndiyo konsoli. Karne ya kumi na nane. Imekaa kwa mabwana wakubwa kule Paris. Mkwe akiingia hapa akaiona, atashusha sauti mwenyewe."

Mama Chibalonza alikuwa mwanamke mnene wa Bukavu, mwenye kitenge kipya na macho yasiyo na haraka. Ornella, kidole kwenye simu, ndiye aliyeinama kwanza.

"Mum, that's a cricket bat."

"Hilo ni umbo tu, binti," Stambuli alidakia. "Waingereza wenyewe ndio walioiga kutoka kwa Wafaransa."

Mama Chibalonza akamtuma Ornella jikoni kuangalia chungu cha sombe, majani ya muhogo. Kisha akapiga magoti, akapapasa marumaru, akapapasa maua ya miguu ya mbele, akagusa lipu ya matundu kwa ukucha. Akainua kichwa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

"Papa Stambuli," akasema, "console ya kweli iko na miguu ngapi?"

Stambuli hakukwepesha macho hata kidogo. "Minne, Mama. Ukiona ya miguu miwili, kimbia. Ni feki. Zimejaa tele mji huu."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya marumaru hii."

"Bon. Na hii yako, kama mutu mwenye kujua vitu anaiangalia, atasema ni ya kweli?"

"Atalia machozi, Mama."

"Basi unataka nini?"

Stambuli akatazama uani kama mtu aliyeliona gari lile sasa hivi. Alisema yeye si mtu wa pesa, yeye ni mtu wa udugu. Kwamba gari kama lile linakaa bure na kuota majani. Kwamba wangebadilishana tu, kitu kwa kitu, kama wazee wa zamani.

"Chukua," Mama Chibalonza alisema, mbio kiasi cha kumshtua. "Lakini mimi sipendaka uongo nyumbani mwangu. Nikuambie ukweli ya ile gari: inatembea muzuri sana, ila haipendaka kusimama."

"Breki?" Stambuli alicheka. "Breki nitaziweka sawa mwenyewe."

"Sijasema breki, papa. Nimesema haipendaka kusimama. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama, nimesikia!"

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Stambuli alipoachia breki ya mkono likateleza, likakohoa, likaguruma. Akapiga honi ya kumuaga, na moyoni akamwonea huruma mama wa watu. Mjini kuna watu wepesi kudanganywa, jamani!

Furaha yake ilifika hadi kwenye taa za kwanza. Zilikuwa nyekundu. Akasimama, gari likazima, na likizima ndiyo limezima. Alizungusha ufunguo mpaka kidole kikafa ganzi. Alifungua boneti akaitazama injini kwa ukali, na injini ikamtazama. Nyuma yake Sydney nzima ilipiga honi. Watu wawili wa karibu wakamsaidia kulisogeza kando, na hapo ndipo maneno ya Mama Chibalonza yalipomrudia sikioni, moja moja, yakiwa na maana nyingine kabisa.

Alirudi kwa miguu, amevimba kwa hasira. Mlango ulikuwa wazi na wakwe wamefika. Stambuli aliingia na hotuba yake mdomoni, na hotuba ikamwisha pale pale.

Konsoli ilikuwa imekaa ukutani. Lipu ilikuwa imechokolewa, na kwenye yale matundu zilipita skrubu mbili nene hadi ndani ya ukuta. Nyumba ya kupanga, ajenti akiona atazimia. Miguu yake miwili ilikuwa imejikunja kwa madaha. Juu yake kilining'inia kioo, na mbele ya kioo taa na ua. Mbele ya ua alisimama Mzee Venant, ami wa bwana harusi, tai imemkaba, miwani mkononi, na alikuwa akishusha sauti.

"Mama, hii ni ya kweli," alinong'ona. "Kwa miguu mbili, ukuta ikiishika, vile njo inapaswa. Baba yangu aliuzaka vitu hivi Bujumbura. Ulitoa wapi?"

"Kwa huyu papa wa Mombasa," Mama Chibalonza alisema. "Mutu wa ukweli. Aliapa."

Stambuli aliinama kuitazama ile miguu miwili. Ya kweli! Alikuwa amesema ukweli maisha yake yote mara moja tu, na mara hiyo hakuwa na habari.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ulijua?"

"Bibi yangu alikuwaka na moja kama hii Bukavu. Tukiiegemea, fimbo." Akamletea magongo mawili ya dhahabu. "Ulisahau miguu yako. Na usilie. Kwa Kifaransa, console ni kutuliza mutu mwenye kulia."

Lakini Mama Chibalonza hakuwa na roho mbaya. Aliwaambia wageni kuwa kaka yao amekwama, na posa nzima ikashuka barabarani: suti, vitenge, viatu virefu. Walilisukuma gari huku wakiimba, Mzee Venant akiongoza pambio. Gari likakohoa, likashika, Stambuli akaondoka nalo kabla halijabadili mawazo.

Alivyofika Guildford bila kusimama ni siri yake na malaika wake. Kila raundabauti alizunguka hadi njia ikafunguka. Kila taa nyekundu aliikwepa kwa kukata vichochoro. Alipoingia mtaani kwake alimkuta Alya getini, sufuria ya biriani kichwani, anaelekea stesheni.

"Alya! Nimepata gari!"

Alya akatabasamu, tabasamu lenyewe hasa alilolitaka Stambuli. "Simama basi!"

"Siwezi!"

Akapita. Akazunguka mtaa, akarudi. "Likisimama linazima! Fungua mlango wa ubavuni!"

Alya hakuuliza zaidi. Aliikumbatia sufuria, akakaza buibui, na gari lilipopita kwa mara nyingine akakimbia nalo sambamba, akavuta mlango, akajitupa ndani bila kumwaga punje ya mchele. Majirani walimpigia makofi. Alikaa akihema, akamwelekeza mumewe Bankstown, kisha akahisi amekalia vitu vigumu, akavivuta.

"Stambuli, na haya magongo?"

"Si magongo," Stambuli akasema, macho barabarani. "Ni miguu. Ya Kifaransa."