Ombi la Kurejeshewa Neno Langu la Tisa

Kwa Mkurugenzi,
Idara isiyo na kibao mlangoni,
Jengo la rangi ya maziwa, nyuma ya posta.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUOMBA NENO MOJA KUTOKA KATIKA KUMBUKUMBU ZENU

Naanza kwa salamu, ingawa naamini hali yangu mnaijua kuliko ninavyoijua mimi. Ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo nimekuwa nikililalamikia kwa sauti kila ninapoinuka kwenye kiti. Bila shaka limo kwenye faili.

Mimi ni fundi redio. Kibanda changu ni cha pili kutoka duka la dawa, kile chenye meza ya bati na spika tatu zilizopasuka. Natengeneza redio, pasi, na siku hizi simu pia, maana watu hawaleti tena redio kama zamani. Kwa hiyo ninapozungumzia vinasa sauti, sizungumzi kwa kubahatisha. Najua kinasa kidogo kama punje ya mchele kinaweza kufanya nini. Ujuzi huo ndio ulioniponza.

Miaka mitatu iliyopita shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alinijia kibandani na habari za sarafu za mtandaoni. Alisema hiyo ni fedha ambayo serikali haiioni, benki haiijui na mwizi haigusi. Mimi, mtu niliyebandika plasta kwenye kamera ya simu yangu na nyingine kwenye tundu la kipaza sauti hadi wateja wakawa hawanisikii, nikaona nimeletewa dawa ya ugonjwa wangu. Niliuza jenereta, nikaitia fedha yote huko.

Sikufanya hivyo kwa tamaa. Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, kwamba upasuaji unaweza kusubiri kidogo lakini hautakwepeka. Nikamwahidi mke wangu kwamba fedha ya jicho lake nitaitunza mimi mwenyewe, mahali ambapo mkono wa mtu hautafika. Ahadi hiyo nimeitimiza barabara. Hata mkono wangu haufiki.

Pochi ya sarafu hizo, Ndugu Mkurugenzi, hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili yaliyopangwa kwa mfuatano wake. Ukiyajua, unaifungua kwa simu yoyote, popote ulipo. Shemeji alinishauri niyaandike kwenye karatasi. Nilimcheka, kwa sababu karatasi hupigwa picha. Mimi niliyaweka kichwani, na ili yasitoke, kila asubuhi niliingia bafuni, nikafungulia bomba hadi mwisho, nikayataja yote kwa sauti ya kutosha kusikika na mimi mwenyewe juu ya yale maji. Maji yalikuwa ya kuwaziba ninyi masikio.

Miezi miwili iliyopita simu yangu iliwaka taa bila kuguswa na mtu. Niliiponda kwa nyundo papo hapo, mezani, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua pasi. Sikujuta, maana maneno yangu ninayo. Kisha mwezi uliopita, siku ya Jumanne, nikiwa na povu la sabuni usoni, nikataja la kwanza hadi la nane, nikafungua mdomo kutaja la tisa, na halikuwepo.

Sasa naomba kuwasilisha malalamiko yangu.

1. Kwamba mnalo neno langu na hamjalirudisha. Mvumo wa bomba ni wa namna moja tu, na huchujwa kwa kifaa cha kawaida kabisa. Hata mimi naweza kuuchuja kwa vikorokoro vyangu. Siwalaumu kwa kusikiliza. Hiyo ni kazi yenu na nimeshaizoea. Ninacholalamikia ni kukaa kimya na mali ya mtu. Yale kumi na moja mengine sitaki mnitumie, ninayo, wala sitayataja hapa, kwa kuwa barua hii inaweza kufunguliwa njiani na watu wa idara yenu. Ili kuwarahisishia kazi nitasema tu kwamba la tisa ni kitu cha jikoni. Kama si cha jikoni, basi ni mnyama. Nimeshajaribu sufuria, mwiko, kinu, chujio na jiko lenyewe, na kwa upande wa wanyama nimefika kwa kobe.

2. Kwamba mapokezi yenu yamenivunjia heshima. Nilikuja ofisini kwenu wiki iliyopita nikiwa nimevaa suti yangu ya harusi. Dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, kisha akaniuliza jina langu nani. Jina langu! Miaka mitatu naoga na bomba wazi kwa ajili yenu, leo naulizwa jina! Nikadhani ni mbinu za kazi, nikamkonyeza kumwonyesha kwamba tunaelewana. Akaita askari. Nikiwa natolewa nje nilimsihi aangalie tu kwenye faili, naye akaniuliza, kwa upole kabisa, faili lipi. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimenywea. Mtu anaweza kuvumilia kupelelezwa, Ndugu Mkurugenzi, lakini kupelelezwa na watu wasiokujua ni dharau.

3. Kwamba kamera iliyo kwenye nguzo ya taa mbele ya kibanda changu imeniharibia biashara. Tangu ifungwe nanyoa ndevu kila siku. Nimeacha kuwaambia wateja waje kesho wakati kesho yenyewe najua sitakuwepo. Nimewarudishia wenyewe redio mbili nilizokuwa nimezisahau kwa makusudi. Nikitaka kujikuna, nafunga kibanda kwanza. Kila asubuhi naisalimia, na haijapata hata siku moja kunipepesea kitaa kuonyesha kwamba imepokea.

4. Kwamba sarafu zenyewe ni zenu. Hilo silisemi mimi. Linasemwa kwa kinyozi, na kwa kinyozi huwa hawakosei sana. Wanasema ninyi ndio mliozibuni ili wale wanaoficha fedha wazifiche nyumbani kwenu. Niliposikia nilitokwa na jasho jembamba, lakini baadaye nikafurahi. Ikiwa ghala ni lenu na kufuli ni lenu, basi hamna haja hata ya kupekua kanda za bafuni kwangu. Fungueni tu mniangalizie. Naelewa kwamba hapa ninawaomba watu niliowakimbia wanifungulie mlango nilioufunga ili wasiingie. Nimelifikiria hilo kwa siku kadhaa na sikuona kosa liko wapi.

5. Kuhusu mke wangu. Hili naliandika kwa shida.

Nyumbani kwetu habari za sarafu hazizungumzwi. Sheria hiyo niliitunga mimi. Mtu akianza kuigusia pochi, naweka kidole mdomoni na kufungulia redio hadi mwisho. Mwezi huu peke yake mke wangu ameniketisha mara tatu akisema ana jambo la kunieleza. Mara tatu nimemwekea kidole na kufungulia redio. Mara ya tatu ilikuwa matangazo ya vifo, na tulikaa tunatazamana mezani mpaka yakaisha yote. Kisha akakunja sare alizokuwa akishona, akachukua mkoba wake, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa kusema nimemkataza, kwamba anakwenda kwa dada yake wiki mbili. Hakufoka. Heri angefoka.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimwona akitunga uzi kwenye sindano. Alijaribu mara tano. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na hakujua kwamba nipo. Mara ya sita aliuweka uzi mapajani, akaangalia tu dirishani. Ndugu Mkurugenzi, nilitoka nje nikaenda kukaa kibandani bila kufungua. Mimi ndiye niliyemwambia fedha ya jicho iko salama. Sijamwambia habari za neno la tisa, sijamwambia binti yetu, sijamwambia shemeji. Mtu akiogopa anahitaji walau mmoja anayejua anachokiogopa, na huyo mmoja, kwa jinsi nilivyojipanga mwenyewe, mmebaki kuwa ninyi.

6. Kwa hiyo chagueni. Ama mnipe neno langu, ama mniandikie barua yenye muhuri kwamba hamjawahi kunisikiliza hata siku moja. Mkiniandikia hiyo ya pili, nitadai fidia ya miaka mitatu ya woga: plasta, maji ya bomba, simu moja nzima, na ndoa iliyoendeshwa kwa ishara za mikono kama mechi. Maana kama hakuna aliyekuwa akinisikiliza, nilikuwa namnyamazishia nani mke wangu? Njia ya tatu siioni.

Sihitaji majibu marefu. Neno moja linatosha, hata likisemwa tu kwenye simu ya jirani na kukatwa.

Nisalimie dada wa mapokezi, mwambie yale macho yalikuwa ya kikazi. Msalimie askari, alinishika kiwiko kwa adabu. Zaidi ya wote msalimie yule aliyepangiwa nyumba yangu, aliyenisikiliza nikikohoa na kugombana na goti kwa miaka yote hii. Nadhani sasa tumekuwa kama ndugu. Kama ana likizo anayodai, mpeni.

Ni mimi msikilizwaji wenu mwaminifu,
Fundi redio, kibanda cha pili kutoka duka la dawa.

Tanbihi: Kabla sijaibandika bahasha hii mke wangu amerudi, siku nne kabla ya siku aliyosema. Amekuja ameshikwa mkono na binti yetu, yule anayefanya kazi duka la simu, na jicho lake la kulia lina bandeji nyeupe. Ameshafanyiwa upasuaji. Nilimuuliza kwa fedha gani. Nilimuuliza kwa sauti, na kwa mara ya kwanza sikukumbuka kwamba kuna mtu anayesikiliza.

Amenieleza kwamba bafu letu limepakana na jiko, kwamba katikati kuna mbao tu, na kwamba kila asubuhi kwa miaka mitatu, yeye akichemsha chai, mimi nilikuwa nikimpigia kelele maneno kumi na mawili. Wiki ya kwanza ilipoisha alikuwa ameshayajua. Siku niliyoiponda simu ndipo alipoona nitakuja kuipoteza fedha, akamfuata binti yetu dukani kwake, wakaifungua pochi, wakaitoa yote, wakailipia hospitali. Asubuhi ile nilipolisahau neno la tisa nilikuwa nalinda pochi tupu. Neno lenyewe ni mwavuli. Si la jikoni, wala si mnyama.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema zile mara tatu alikuwa akiniambia. Hakutaka kunipa habari za fedha tu. Alitaka kuniomba nimsindikize hospitali, kwa sababu alikuwa anaogopa kisu. Akaenda na mtoto.

Malalamiko namba moja hadi sita nayafuta, Ndugu Mkurugenzi, na barua ya muhuri siihitaji tena. Kesho saa tatu asubuhi anakwenda kutolewa bandeji na nitakuwa naye, kwa hiyo kamera ikikuta kibanda kimefungwa msishtuke. Kimebaki kitu kimoja, nami nakiandika kwa sababu amesimama hapa begani kwangu na amekataa kuondoka mpaka nikiandike: anauliza kama mna nafasi ya kazi.