Kunguni na Usalama wa Taifa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeonewa! Mabomba yangu ya kupulizia dawa ya kunguni yamezuiwa forodhani. Yote. Eti usalama wa taifa. Kunguni!

Afisa mwenyewe ni mama mmoja wa miwani, sauti ya chini, hacheki. Alinisomea lebo iliyobandikwa kwenye kila bomba: "Nguvu ya kijeshi. Huangamiza adui kimya kimya, hata aliyejificha." Nikamshukuru, nikamwambia nimeitunga mwenyewe. Hakunisifu. Alisema kifaa cha kijeshi hakitoki nchini bila kibali maalumu, na chombo cha kutawanya sumu ndiyo kabisa. Kisha akataka kujua mnunuzi ni nani, maana kuna watu na makampuni yaliyowekewa vikwazo. Kwenye karatasi nimeandika "mteja binafsi". Ningeandika nini? Nikimtaja tu, shemeji ataniporea mteja.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Tunafanya kazi pamoja katika karakana ya baba yao. Lebo ile aliipinga tangu mwanzo, kwa wivu. Leo aliposikia habari aliendelea kunywa chai yake taratibu. Huo ndio uchokozi wenyewe.

Baba mkwe ametoa kauli: mzigo usipoondoka kufikia Ijumaa, ofisi ya mauzo ya nje anapewa shemeji. Ofisi yangu! Yenye kiti cha kuzunguka!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata akili. Tatizo ni lebo? Basi lebo itoke.

Asubuhi nilikwenda ghala la forodha, nikamwambia mlinzi nakagua mali yangu. Nikabandua lebo moja moja kwa kucha, nikabandika nyingine: "Bomba la Maua. Pole na Laini." Kucha zinaniwaka moto hadi sasa.

Mchana nikaitwa. Mama Miwani aliuliza ni mtu gani mwema anayefuta neno "kijeshi" kwenye mzigo ulioshikiliwa na serikali. Nikajibu, mpenda maua. Akaandika. Sikupenda alivyoandika. Sasa amemwita mtaalamu wa silaha aje kupima bomba. Silaha! Mimi, ambaye hata mende nyumbani huuawa na mke wangu!

Mke wangu naye aliuliza kwa nini nisimtaje tu huyo mnunuzi yakaisha. Nikamwambia yeye na kaka yake lao moja. Amenuna. Na mimi nimenuna zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango ulikuwa safi. Nilikaza pua ya bomba hadi mwisho, ili mbele ya mtaalamu litoe matone tu. Nani atanyima kibali kitu kinachodondoka?

Mtaalamu ni mzee mwembamba wa suti ya kijivu. Nikajaza maji matupu, nikajifunga bomba mgongoni, nikapampu katikati ya ofisi ya Mama Miwani. Tone. Tone jingine. Nikawaambia hata kunguni mgonjwa angenicheka. Mama Miwani akaanza kufunga faili. Nilikuwa nimeshinda!

Hapo mtaalamu akafungua mdomo. Alisema kweli hiki ni kichekesho, na aliyekibuni arudishiwe karo yake ya shule.

Kichekesho! Bomba langu! Damu ilinichemka. Nikalegeza pua, nikapampu kwa nguvu zangu zote. Maji yakavuka meza, yakavuka kabati, yakamkuta mkuu wa forodha mlangoni akiwa na kikombe mkononi. Mtaalamu, amelowa hadi soksi, alitoa futi kupima umbali. Nilimshikia ncha ya pili. Nikamsisitizia apime hadi ukutani, asinipunje.

Mzigo bado umeshikiliwa. Lakini heshima imerudi.

Alhamisi, 6 Machi

Usaliti!

Nikiwa nje natafuta mpango mwingine, mnunuzi wangu alipiga simu karakana kuulizia mabomba yake. Nani alipokea? Shemeji. Nani alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka? Shemeji!

Alimwomba aeleze kwa maandishi yeye ni nani na mabomba ni ya kazi gani. Jibu likaja saa hiyo hiyo: ni hoteli, vyumba vimejaa kunguni, wageni wanakimbia. Shemeji akapeleka maelezo forodhani, akaomba radhi kwa niaba yangu (nani alimtuma?), akasema hakuna jeshi lolote, ni shemeji yake tu ana mdomo. Mama Miwani alicheka. Kwangu hakuwahi kucheka! Hoteli ikaangaliwa kwenye orodha ya vikwazo, haimo. Mzigo ukaachiliwa.

Nilikuwa karibu kabisa kufika hapo mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Mzigo umeondoka, na lebo mpya ya shemeji: "Bomba la kupulizia dawa." Basi. Hata alama ya mshangao hakuweka.

Nikamkumbusha baba mkwe kauli yake: mzigo umeondoka Ijumaa, kwa hiyo ofisi ni yangu. Akasema ofisi ni ya aliyeuondoa. Nikabisha. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba watoto, nyamaza." Kiti kimekwenda. Mimi nimepewa machujio ya maji, tena niuze humu humu nchini mpaka akili initulie.

Naumia. Kile kiti nilikipaka mafuta mimi mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari sana, na nakiri somo limeniingia. Neno "kijeshi" sitaliandika tena maishani mwangu.

Habari njema: nimeshampata mteja wa machujio, tena wa nje! Baba mkwe atashangaa, kiti kitarudi. Jina la mteja halijui hata mke wangu. Kwenye karatasi nimeandika "rafiki".

Lebo nimeimaliza sasa hivi. Fupi, safi, haina jeshi wala adui: "Chujio la Maji. Nguvu ya Nyuklia."

Mama Miwani atafute kosa hapo!