Redio Inayoingia

Bwana Kipimo alimwona mama wa teksi kabla teksi haijasimama vizuri. Vioo viko wazi, redio kimya, mwenye gari kanuna. Riziki imejileta yenyewe, tena kwa magurudumu manne.

Kazi yake, kama tunaruhusiwa kuiita kazi, ilikuwa kuwapimia watu kama redio fulani inafaa gari lao. Kusema haki, ufundi aliujua. Alijua kwamba redio kuenea kwenye tundu ni jambo moja, na soketi ya nyuma kukubaliana na nyaya za gari ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili ndilo alilowaficha wateja. Ukimuuliza kama redio inafaa, anatoa futi yake, anapima tundu kwa uso wa daktari bingwa, halafu anakujibu kwamba inaingia. Na kweli inaingia. Uongo hasemi, hilo tumpe.

Mama wa teksi akamweleza kwamba tangu abadilishe betri, redio imegoma. Na mteja wake wa kudumu, mwalimu mkuu mmoja, haendi kazini bila taarifa ya habari. Kesho gari likiwa kimya, anahamia teksi nyingine. Wateja wengine walikuwa wa kubahatisha. Huyu ndiye aliyemlishia wanawe.

Kipimo akaichomoa redio, na moyo ukamruka. Ilikuwa ileile iliyokuja na gari, mali safi. Akaikunjia uso kama mtu aliyeonyeshwa kiatu kilichotoboka.

"Hii imekufa, dada. Angalau inawaka?"

"Inawaka."

Basi, akasema, ataichukua amsaidie kuitupa. Akamfungia ya kwake. Kwenye tundu ikaenea, soketi ikakataa, akasokota nyaya mbili tatu mpaka taa za bluu zikawaka. Sauti? Aipe siku mbili, itazoea gari. Maneno hayo aliyasema bila kucheka, na hapo mimi namvulia kofia.

Mbio mpaka kwa mwenye duka la vipuri, ambaye tayari alikuwa na mnunuzi. Wakaipa umeme. Redio ikawaka, ikaonyesha vistari vinne, ikatulia. Mwenye duka akacheka mpaka akakaa chini. Redio za aina hii, alisema, zikitolewa kwenye betri hujifunga, na hazifunguki bila namba zake nne. Kipimo akabahatisha mwaka aliozaliwa. Ikakataa. Akajaribu wa mama mkwe. Ikakataa pia, na mwenye duka akamwonya kwamba ikikataa mara ya tatu, ndiyo basi, haifunguki milele.

Akarudi na ile redio kwa mama wa teksi jasho likimtoka, akamkuta ameinamia droo ya gari akitafuta fyuzi. Fyuzi hakuipata, ila ndani ya kifuniko cha droo aliona karatasi iliyobandikwa, na juu yake namba nne.

Kipimo akaeleza kwamba redio imejifunga na imebakiza nafasi moja, akaiomba namba kwa unyenyekevu ambao hata mkewe hajawahi kuuona. Mama hakukataa. Ila namba haijajaribiwa, alisema, na nafasi imebaki moja. Si waijaribu kwenye gari lenye soketi yake? Kipimo, fundi wa watu, akakubali. Mtaa mzima gari lenye soketi hiyo lilikuwa hilohilo.

Akachomoa ya kwake akaiweka kiti cha nyuma. Akafunga ile nyingine, soketi ikaitika, skrubu zote nne akakaza vizuri. Mama akakinga vitufe kwa kiganja, Kipimo asione, akabonyeza namba. Taarifa ya habari ikajaa garini. Kipimo nusura acheze.

Akazunguka hadi dirishani, akamwambia sasa anaichomoa aondoke nayo. Mama akawasha gari.

"Ukiichomoa itajifunga tena, na namba ninayo mimi. Kwanza nijibu, fundi. Redio hii kwenye gari hili inaingia, haiingii?"

Kipimo akaitazama futi iliyokuwa mkononi mwake. Uongo hasemi.

"Inaingia," akasema.

Mama akamshukuru kwa kupima, akakanyaga mafuta. Ile redio ya taa za bluu ilikuwa bado kiti cha nyuma, pamoja na bisibisi ya Kipimo.